Muulize Ami wa Filamu: Hata majina ya mwanzo ni filamu

Toleo lililopita kijana mmoja wa Changamwe aliniuliza kwa nini watu huacha kutazama video zake kabla hazijakolea. Nilimjibu kwa ufupi kwamba mwanzo wake hauna kinachomshika mtazamaji, nikamwambia akatafute kazi za Saul Bass kabla hajafikiria kununua kamera nyingine. Jina hilo limeniletea barua kutoka pande zote za mji, basi mwezi huu nimempa ukurasa mzima.

*Ami, shikamoo. Mimi napiga na kuhariri video za harusi, hasa kupamba na shughuli za wanawake. Kila mteja anataka mwanzo ule ule: waridi zinaanguka, majina ya dhahabu yanazunguka, nyota zinametameta. Huyo Saul Bass ni nani, na ana nini cha kunifunza mimi mtu wa harusi?*
*Binti wa Likoni*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeitanguliza makusudi, kwa sababu Mombasa hii watu wa harusi ndio wanaohariri video nyingi kuliko sote.

Saul Bass alizaliwa Bronx, New York, mwaka 1920, akafariki Los Angeles mwaka 1996. Kazi yake ilikuwa kuchora matangazo na mabango. Mwongozaji Otto Preminger alimpa bango la filamu yake Carmen Jones, ya mwaka 1954, na Bass akachora waridi lililo ndani ya mwali wa moto. Preminger alipoiona akataka waridi hilo hilo na moto huo huo viwe kwenye majina ya mwanzo wa filamu, tena vikiwa hai, moto unacheza. Mlango ulifunguka hapo.

Lazima ujue hali ilivyokuwa kabla yake. Majina ya waigizaji na mafundi yalikuwa orodha tu: kadi inakuja, inaondoka, inakuja nyingine. Kwenye kumbi nyingi za Marekani yalikuwa yakimulikwa juu ya pazia ambalo halijafunguliwa, watu bado wanatafuta viti na kutafuna bisi. Pazia likifunguka, ndipo watu wanakaa sawa.

Mwaka 1955 Preminger akatoa The Man with the Golden Arm. Frank Sinatra anaigiza mtu mwenye mikono mahiri ya kugawa karata na kupiga ngoma, ambaye heroini imemkamata. Wakati huo Hollywood ilikuwa haithubutu kuigusa habari hiyo. Sasa angalia Bass alivyofanya. Skrini nyeusi tii. Mstari mnene mweupe unashuka kutoka juu. Unafuatwa na mingine, inasimama kando kwa kando, na jina la mwigizaji linakaa penye nafasi. Mistari inapotea, inarudi mahali pengine, mara imelala, mara inakuja kutoka pembeni kama inayotaka kuchoma kitu. Muziki ni jazi ya Elmer Bernstein, tarumbeta zinalia. Mwisho mistari inakutana na kugeuka mkono: mkono uliopinda, vidole vimekakamaa, unaning'inia kutoka juu ya skrini. Jina la Preminger linakaa hapo. Hujaona sindano, hujaona mgonjwa, lakini tumbo limekwisha kukukaza.

Mimi kabla ya video nilikuwa mwandika vibao. Nimeandika maduka, ubavu wa mashua, migongo ya magari ya abiria. Kwa jicho hilo, ninachokitazama kwenye ule mkono ni kingo zake. Hazikunyooka. Zimekatwa kombo, kama karatasi iliyokatwa na mtu mwenye wasiwasi. Mtu mwenye ufundi kama wake angeweza kuzinyoosha kwa rula akitaka. Ule ukombo ndio ugonjwa wenyewe. Mikebe ya filamu hiyo ilipelekwa kwenye kumbi ikiwa na maagizo kwa waendesha projekta: fungueni pazia kabla majina hayajaanza. Kwangu mimi, agizo hilo ndilo urithi wake mkubwa kuliko mtindo wowote wa kuchora. Filamu inaanza jina la kwanza linapotokea.

Sasa turudi Likoni. Vuka feri uende Biashara Street ukatazame kanga zilizotundikwa. Pindo, mji, jina. Kanga inayokusimamisha njiani ina mji mmoja unaoonekana ukiwa ng'ambo ya barabara, na jina la mstari mmoja. Video zako zina miji minane na majina yote yanazunguka. Mtazamaji hajui ashike lipi.

Halafu una jambo ambalo wapiga video wa kiume hawalijui: bibi harusi hataki sura yake ya siku ya kupamba izunguke kwenye simu za watu. Wewe unaliona ni kizuizi. Mimi naliona ni zawadi, kwa sababu linakulazimisha utafute picha moja isiyo sura. Nakupa hii. Usiku wa hina, omba dakika chache na mpakaji. Tandika kitambaa cheupe, weka simu kwenye stendi ielekee chini moja kwa moja, taa moja tu ubavuni ili unyevu wa piko, ile rangi nyeusi, ung'ae. Rekodi mpakaji anapoanza kwenye ncha ya kidole. Usirekodi kitu kingine. Mstari mweusi unapanda kidole, unakunja, unaingia kiganjani. Pale unapokunja, weka jina la bibi harusi, herufi nyeusi za kawaida, zisicheze. Unapofika kwenye kifundo, weka la bwana harusi. Mkono ukijaa, kata, video ianze. Kwa kuongeza kasi utapata sekunde ishirini, nazo zinatosha.

Fanya muziki kwanza, picha baadaye. Kama ni taarabu, sikiliza ngoma ya dumbaki inaingia wapi, andika kwenye karatasi sekunde ya kila pigo kubwa, kisha panga majina yako juu ya hayo mapigo. Kazi nyingi za Bass zimefungwa na muziki namna hiyo. Ukizima sauti unaona zimepungua nusu.

Na mteja akishikilia waridi, mpe waridi, lakini liwe moja. Bass mwenyewe alianza na waridi moja.

*Mwanangu, nilipokuwa msichana tulipelekwa sinema mjini tukaona filamu ya Kizungu ambayo jina limenitoka. Nakumbuka mwanzo wake tu: uso wa mwanamke karibu kabisa, mdomo, kisha jicho, halafu kila kitu kikawa chekundu na maduara yakawa yanazunguka hata nikashika kiti. Hadithi yake siikumbuki. Ndiye huyo huyo?*
*Bi mkubwa wa Kibokoni*

Shikamoo Bi. Ndiye. Filamu ni Vertigo ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1958, na umeieleza vizuri kuliko wengi waliosomea. Kamera inaanza na sehemu ya uso wa mwanamke, inafika mdomoni, inapanda machoni. Macho yanakwenda kulia na kushoto kama ya mtu anayejua anatazamwa. Inaingia kwenye jicho moja, picha inakuwa nyekundu, na ndani ya mboni linatoka jina la filamu. Baada ya hapo ni maduara ya mistari myembamba, moja linazaa jingine, kila moja na rangi yake juu ya weusi. Bass aliyafanya pamoja na John Whitney, mtu aliyekuwa akitumia mashine na hesabu kuchora miaka mingi kabla kompyuta haijaingia kwenye kazi hii. Muziki ni wa Bernard Herrmann, nao pia unazunguka bila kutua.

Hadithi uliyoisahau ni ya askari mpelelezi aliyeacha kazi kwa sababu ya hofu ya mahali pa juu, akaja kumpenda mwanamke kwa mapenzi yaliyomtoa akili. Na yale maduara yanarudi ndani ya filamu: kwenye nywele za mwanamke zilizofungwa nyuma kwa mzunguko, na kwenye ngazi za mnara. Kwa hiyo ulichokishika wewe miaka yote hii ni kiini chenyewe.

Kama wajukuu wanaweza kukutafutia, waambie wakuwekee pia North by Northwest, ya mwaka 1959, dakika mbili za mwanzo. Skrini ya kijani, mistari inaipita ya wima na ya mshazari, majina yanapanda na kushuka juu yake kama lifti, kisha ile mistari inageuka kuwa madirisha ya jengo refu la vioo la New York, na ndani ya vioo magari yanapita. Mpaka leo ukiona maandishi yanatembea kwenye tangazo la simu au benki, yamepita njia hiyo. Psycho ya mwaka 1960 usiitazame usiku, Bi, lakini mwanzo wake ni mistari tu inayokata majina vipande vipande na vinanda vya nyuzi vinavyochoma. Hauna damu hata tone.

*Je, zile za James Bond, mtu anatembea ndani ya duara kisha anageuka na kupiga risasi, nazo ni za Bass?*
*Msomaji, Kisauni*

Hapana. Ile duara ni ya Maurice Binder, Mmarekani aliyefanya kazi Uingereza, kuanzia filamu ya kwanza, Dr. No, ya mwaka 1962. From Russia with Love na Goldfinger, majina yake yalifanywa na Robert Brownjohn, aliyeyamulika juu ya miili ya wanawake kwa projekta. Wote hawa waliingia kwenye chumba ambacho Bass alikuwa amekwisha kukifungua, na kila mmoja akaleta vyombo vyake.

*Salaam Ami. Nasoma usanifu wa picha hapa Tudor. Darasani kila mtu akiambiwa afanye bango "kama la Saul Bass" anakata karatasi kombo, anaweka rangi ya chungwa na umbo jeusi la mtu asiye na uso. Mwalimu anapenda. Mimi naona ni wizi. Mpaka wa kuiga na kuiba uko wapi?*
*Mwanafunzi, Tudor*

Mwanangu, swali hili Bass mwenyewe lilimkuta akiwa hai. Mwaka 1959 alifanya bango na majina ya Anatomy of a Murder ya Preminger, filamu ya kesi ya mauaji: mwili wa mtu uliokatwa vipande, kichwa huku, mguu kule, mkono pale. Mwaka 1995 filamu ya Spike Lee, Clockers, ikatoka na bango la mwili uliokatwa karibu vivyo hivyo. Aliyelichora akasema ni heshima kwa Bass. Bass hakuipokea kama heshima, alilalamika waziwazi. Mimi niko upande wake.

Ukitazama kazi zake kwa mfululizo utaona kitu ambacho darasa lako limekiacha. Karatasi za kombo ni sehemu ndogo ya maisha yake. Kwa Walk on the Wild Side, mwaka 1962, hakukata karatasi. Alichukua paka mweusi wa kweli akamfuata kwa kamera, mabega yake yanacheza anapotembea kwenye makalivati na nyuma ya nyua, anakutana na paka mweupe, wanapigana, anaendelea na safari yake. Filamu yenyewe wengi wameisahau, paka anakumbukwa. Grand Prix ya mwaka 1966 ni matairi, spana na injini zinazounguruma, skrini imegawanywa vipande vingi. Seconds ya mwaka huo huo ni uso wa mtu unaovutwa na kupindwa mpaka unaogopa kuutazama. Angejiiga mwenyewe pesa zingekuja tu, na hakufanya hivyo.

Anayeiga anachukua mkasi wa Bass. Anayejifunza anachukua swali lake: filamu hii, ukiitoa waigizaji wote na maneno yote, inabaki picha gani moja? Watu waliotengeneza mwanzo wa Catch Me If You Can, mwaka 2002, Kuntzel na Deygas wa Ufaransa, hawakuficha kwamba wanatembea nyuma yake: vijitu vyembamba, mistari mirefu inayotoka kwenye herufi. Lakini mistari ile inafanya kazi ya hadithi yao, ya tapeli kijana anayekimbizwa kutoka uwanja wa ndege mpaka hospitali, kila mahali ana sare mpya. Tamthilia ya Mad Men, mwaka 2007, umbo jeusi la mtu linaanguka kando ya maghorofa yaliyojaa matangazo. Hadithi ni ya mtu wa matangazo anayeporomoka. Na Kyle Cooper, kwa Seven ya mwaka 1995, huoni umbo hata moja la Bass. Unaona vidole, wembe, uzi, madaftari ya muuaji, maandishi yaliyokwaruzwa kwenye filamu yenyewe. Huyo ndiye mwanafunzi wake wa karibu kuliko darasa lako lote.

Na nakuomba jambo. Ukiandika insha yako, usimwache Elaine. Elaine Makatura aliingia ofisini kwa Bass miaka ya 1950, wakaoana mwaka 1961, na tangu hapo kazi za filamu walizifanya pamoja. Miaka ya sabini na baada yake walijitenga na majina ya filamu, Bass akawa anashughulika zaidi na nembo; ile ya kampuni ya simu ya Bell ya mwaka 1969, ya United Airlines ya 1974, na ile tufe yenye mistari ya AT&T ni zake. Halafu mwishoni mwa miaka ya themanini waongozaji waliokua wakizitazama kazi zao wakawarudisha. Martin Scorsese aliwapa nne: Goodfellas mwaka 1990, Cape Fear mwaka 1991, The Age of Innocence mwaka 1993 na Casino mwaka 1995. Kwenye zote wametajwa wote wawili, mume na mke. Ya Casino mtu anarushwa na mlipuko wa gari, mwili unaelea ndani ya moto na taa za Las Vegas, na nyuma yake kwaya ya mtunzi Bach. Saul alikuwa na miaka sabini na mitano. Linganisha na ule mkono wa 1955, uone kama utapata mtindo mmoja.

*Ami, sisi ni vijana wa Mji wa Kale. Tumemaliza kupiga filamu fupi ya nahodha wa jahazi. Watu wengi wametusaidia bure: fundi wa taa, mpishi, mwenye mashua, mama aliyetupa nyumba. Mwenzetu anasema majina yapite mbio mwishoni, kwa sababu siku hizi mtandaoni kuna kitufe cha kuruka mwanzo, na kwenye vibanda vya video dijei anaongea juu yake. Pesa zimekwisha. Tufanyeje?*

Wanangu, kitufe hicho kilikuja na Netflix mwaka 2017, na kilitengenezwa kwa tamthilia, mtu anapotazama sehemu ya sita usiku mmoja na mwanzo ameuona mara tano. Filamu yenu ni fupi na inatazamwa mara moja. Na dijei huongea zaidi pale penye kadi tupu, maana hana la kufanya. Mpeni picha yenye jambo, mtaona atakavyoitumia.

Tena hao watu waliowasaidia hamkuwalipa. Jina ndilo malipo yao. Likipita mbio mama aliyetoa nyumba asiweze kulisoma, mtakuwa mmemdhulumu.

Katazameni mwisho wa West Side Story, ya mwaka 1961. Filamu imeisha kwa msiba, watu wamenyong'onyea, hakuna anayetaka kusoma orodha. Bass akayaandika majina yote kwenye kuta za matofali, milango, nyua za mbao na vibao vya barabarani, kwa rangi na kwa kukwaruza, kama maandishi ya vijana wa mtaani. Kamera inapita taratibu. Watu walikaa wakayasoma, na huku machozi yanakauka.

Nyinyi mna jahazi. Vyombo vyetu vimezoea kuandikwa majina. Chukueni mbao chakavu, makasia, makreti ya samaki, kipande cha tanga kuukuu, mwandike kwa mkono. Milango ya nakshi na kuta za watu msiziguse. Tumieni brashi bapa na rangi nyeupe ya mafuta, mchore kwanza mistari miwili ya chaki ili herufi zisipande na kushuka, na kila ubao mwandike jina moja na kazi moja. Rangi ikikauka, zipangeni pale Bandari ya Kale saa moja asubuhi. Jua linakuja kutoka ng'ambo ya maji likiwa chini, linapiga mbao kwa ubavu na kila mwanya unaonekana. Pigeni kila ubao mahali pa mwenye kazi: la mpishi karibu na jiko lake, la fundi wa taa juu ya nyaya zake. Sekunde tatu kwa kila moja, na sauti iwe ya maji na kamba tu.

Jina la nahodha msiliandike nyinyi. Mpeni brashi mwenyewe, mumrekodi mkono akiandika, na hilo liwe la kwanza kabisa, kabla ya jina la filamu.

Mkimaliza nileteeni nitazame. Ila msinitumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida, inabana picha na herufi nyembamba zinakuwa ukungu. Wekeni kwenye fleshi mniletee mkononi.